Wala Mimi Sikujua

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Neno letu la juma hili ni la Yakobo alipoamka usingizini: "Kweli BWANA yupo mahali hapa, wala mimi sikujua" (Mwanzo 28:16). Yakobo hakuwa amepanga kulala pale. Giza lilimkuta njiani, akaokota jiwe akalifanya mto wa kichwa.

Nimekuwa nikilitafakari neno hili tangu tulipohamia Amakusa kwa ajili ya kazi ya mume wangu. Ni visiwa vilivyo magharibi mwa Kyushu, huku Japani. Ni shamba hasa: mashamba ya mpunga, bandari ndogo za wavuvi, wazee wengi na watoto wachache. Ibada yenu ya saa nne asubuhi kwangu huwa ni saa kumi jioni, nami huifuata kwenye simu peke yangu. Niwaambie lililokuwa moyoni mwangu: niliona kama Mungu nimemwacha Tanga, pamoja na kwaya na mama zangu wa usharika, na huku nimekuja na picha yake tu.

Jumamosi moja mvua ilikatika asubuhi, mume wangu yuko kazini. Nikafunga mlango, nikaenda kituoni Hondo na kupanda basi lililokuwepo. Mabasi ya huku hayakuulizi unakwenda wapi. Unapopanda unachukua kikaratasi chenye namba, na ubao ulio juu ya dereva unaonyesha nauli inavyopanda kadiri mnavyokwenda. Unalipa wakati wa kushuka. Nilikaa dirishani nikimkumbuka Ibrahimu, aliyetoka asijue aendako. Barabara ilipita milimani, ikateremka hadi kwenye ghuba iliyotulia, na hapo nikaona mnara wa kanisa umesimama katikati ya nyumba za wavuvi. Nikabonyeza kengele, nikashuka.

Kijiji kile ni Sakitsu. Nyumba zimebanana, kati yake vichochoro vyembamba vinaelekea baharini, na juu ya maji kuna majukwaa ya kuanikia samaki. Harufu ilinirudisha nyumbani. Mlangoni mwa kanisa nilivua viatu kama wanavyofanya wote, na ndani sikukuta mabenchi niliyoyazoea. Sakafu imetandikwa tatami, mikeka yao minene ya nyasi zilizofumwa. Wapendwa, mimi niliyefundishwa kusali na bibi yangu juu ya mkeka, nililia kabla sijasoma lolote kuhusu mahali pale.

Baadaye nikasoma. Mwaka 1614 watawala wa Japani walipiga marufuku Ukristo nchi nzima, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi mwaka 1873. Watu wa Sakitsu waliendelea kusali kwa siri, bila padri, vizazi kwa vizazi. Hawakuweza kuwa na sanamu, basi walilitunza kombe la bahari ambalo michirizi yake ya ndani waliiona kama sura ya Mariamu. Walikwenda kwenye hekalu la Kishinto, dini ya asili ya Wajapani, kijijini kama majirani zao, na huko wakanong'ona "Anmen Riyus", yaani Amina, Deus (Mungu). Mwaka 1805 wakuu waligundua watu zaidi ya 5,000 katika visiwa hivi wakiwa na imani hiyo.

Kuna jambo moja limenikaa moyoni kuliko yote. Kila mwaka watu waliitwa nyumbani kwa mkuu wa kijiji, wakawekewa sanamu ya Yesu au ya Mariamu chini, na kila mmoja akaamriwa kuikanyaga. Wengi waliikanyaga. Katika jamii za Wakristo wa siri ilikuwapo sala ya majuto waliyoiita Konchirisan, neno lililotoka kwa Wareno, walewale waliotuachia sisi "meza" na "leso". Nawaza mama anayerudi nyumbani jioni ile, anaosha miguu ya mtoto wake aliyekanyaga naye, anafunga mlango, anaanza sala ya majuto kwa sauti ya chini. Mwaka unaofuata anaitwa tena.

Siwezi kuwahukumu. Najua wapo waliokataa wakafa, na tunawaheshimu kwa haki. Lakini imani ya Sakitsu ilifika hadi leo mikononi mwa wale walioanguka kila mwaka na kutubu kila mwaka. Petro naye alikana mara tatu, akatoka nje akalia sana. Mimi sijawahi kukanyagishwa chochote. Nilichokutana nacho ni upweke tu, na tayari nilikuwa nimeanza kusema kwamba Mungu hayupo hapa.

Kanisa la sasa lilijengwa mwaka 1934, wakati wa padri Mfaransa, Augustin Halbout. Alitaka lisimame palepale ilipokuwa nyumba ya yule mkuu wa kijiji, na madhabahu iwekwe mahali watu walipokanyagishwa sanamu.

Mimi ni Mlutheri na kanisa lile ni la Kikatoliki, lakini siku ile hilo halikunizuia. Nilikaa kwenye mkeka nikielekea madhabahu, nikasali Baba Yetu kwa Kiswahili, polepole. Nilipofika "utusamehe makosa yetu" nilinyamaza kwa muda mrefu. Nje mashua ilikuwa ikitoka, na mngurumo wa injini yake ukaingia hadi ndani. Kisha nikaendelea na sala hadi mwisho, nikavaa viatu vyangu, nikaenda kungoja basi la kurudi.