Ulivifanya nini vidole vyako?

Nimeamka saa kumi usiku na sina sababu ya kuamka. Mwanangu Nasra hajalia, shifti yangu inaanza saa tatu asubuhi, Baba Nasra kalala fofofo. Nimekaa jikoni, nimewasha ile taa ndogo ya juu ya jiko, naangalia vidole vyangu. Sijui ni mara ya ngapi wiki hii.

Mnakumbuka niliwaambia nimeenda kuchukuliwa alama za vidole kwa ajili ya ile kazi ya nyumba ya wazee, maana hapa Ohio, Marekani, wanaangalia kwanza kama una rekodi ya uhalifu. Sikuwaambia yote. Niliandika tu nimeenda, namshukuru Mungu, nasubiri majibu, nikapita na habari nyingine. Sasa majibu yamekuja Alhamisi, imeili ya mistari mitatu tu, kwamba alama hazisomeki, nirudi nikapige tena. Na toka hiyo Alhamisi maneno ya yule binti aliyenichukua alama yamerudi yote kichwani, moja moja, kama vile kanisemesha jana na sio wiki tatu zilizopita.

Ngoja niyaandike labda yatatulia.

Ni kiofisi kidogo hivi, upande mmoja pana mashine za kufulia za kulipia, upande wa pili wanauza miwani. Unaingia unatoa kitambulisho, unalipa, unakaa kwenye kiti mpaka uitwe. Mi nilidhani ni wino, maana ndo ninavyojua, nikavaa hadi blauzi ya zamani nisije nikachafua nyingine. Kumbe siku hizi hakuna wino kabisa. Kuna kimashine kina kioo juu kinatoa mwanga, unaweka vidole vinne vya kulia kwa pamoja, halafu vinne vya kushoto, halafu gumba mbili, halafu ndo anakushika kidole kimoja kimoja anakiviringisha pale kwenye kioo toka upande huu wa ukucha mpaka upande ule. Picha inatokea kwenye kompyuta hapohapo. Zikikubali zinatumwa kwa mtandao, za jimbo zinaenda BCI, ofisi ya jimbo ya uchunguzi wa jinai, ambao wako kwenye mji unaitwa London, sio ile ya Uingereza, ni London ya hapahapa Ohio, na za nchi nzima zinaenda FBI, Clarksburg, jimbo jirani la West Virginia. Mimi zangu zinaenda kote kuwili kwa sababu sijatimiza miaka mitano Ohio. Aliyekaa miaka mitano mfululizo anapimwa na jimbo tu inatosha.

Basi kaweka kidole changu cha shahada, picha ikatokea, na mimi nikaiona. Nyie, mmewahi kuona kanga ya zamani iliyofuliwa miaka hadi maua ya mji yamefutika, limebaki pindo tu? Ndo kidole changu kilivyokuwa. Pembeni mistari ipo, imejipinda vizuri kabisa, halafu katikati peupe. Kompyuta ikalia kamlio kake ka kukataa. Akafuta kioo, akanipa kitambaa chenye maji nipanguse, akarudia. Kamlio kakalia tena. Akaniambia legeza mkono, usinisaidie, niachie mimi nikuviringishie. Nikalegeza. Kikakataa tena. Akaenda cha kati, kikakataa, cha pete kikakubali kwa tabu, gumba ndo usiseme.

Hapo ndo akaniuliza, macho yake yako kwenye skrini, hata hajageuka, "Ulivifanya nini vidole vyako?"

Nikadhani sijasikia vizuri, nikamuuliza unasemaje. Akasema, "Watu wengine huwa wanavichoma."

Na nyuma yangu pale kwenye viti wamekaa watu watatu. Mmoja alikuwa na simu mkononi, akaacha kuiangalia.

Na mimi nikasema, "Samahani."

Ndo hivyo tu. Samahani. Na haikuwa samahani ya sijakusikia, ilikuwa samahani ya mtu mwenye kosa, ile unayosema umevunja kikombe cha mtu. Akanijibu usijali, akaendelea na kazi yake, mwisho akaniambia nazituma hivihivi ila zinaweza kurudi. Nikamshukuru. Nikatoka nikakaa kwenye gari sijui dakika ngapi.

Sasa ninachokirudiarudia ni hiki. Aliuliza kama nesi anavyouliza, au kama askari? Sauti yake nikiikumbuka haikuwa kali, haikuwa ya dharau. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka, pengine mimi ni wa ishirini siku hiyo. Lakini hakuniangalia. Angeniangalia angeona mama wa miaka thelathini na nane ana mkoba na chupa ya maji ya mtoto. Halafu lile neno "wengine". Watu wengine huwa wanavichoma. Mi nilikuwa miongoni mwa hao wengine, au alikuwa ananitoa humo, yaani wengine huchoma ila wewe najua hujachoma? Nimeligeuza kila upande. Siku moja napangusa kioo cha chumba cha wageni nikajikuta nalisema kwa sauti.

Na jibu lilikuwepo! Hilo ndo linaniuma. Jibu lilikuwepo mdomoni mwangu, sikuhitaji kulitafuta popote. Ningemwambia dada, nasafisha vyumba vya hoteli mwaka wa nne huu, vyumba kumi na nne kwa siku, kumi na sita wikiendi, na kila chumba kina bafu, na kila bafu nalimwagia jiki na ile dawa ya ukungu inayotoa machozi, glavu tunazopewa ni saizi moja kubwa ya mikono ya kiume, zinachanika mapema tu, na ukungu ukishaingia kwenye mistari ya vigae brashi haiutoi, unautoa kwa gumba. Hilohilo gumba unaloliviringisha hapo halikubali. Ni maneno mangapi hayo? Kingereza chake nilikuwa nacho chote. Mtihani wa jimbo wa hiyo kazi ya wazee nimeufanya kwa Kingereza hichohicho.

(Ndiyo, nimefaulu mtihani, cheti kimekuja Jumatatu. Nitaandika siku nyingine.)

Baba Nasra alivyoona silali akaingia kutafuta, yeye ndo tabia yake, kitu kikimsumbua mtu ndani ya nyumba anakwenda kukisoma. Akaniambia yule binti hakulitoa hewani, wapo kweli waliovichoma. Kuna jambazi wa zamani wa hapa Marekani, Dillinger, mwaka 1934 alichubuliwa vidole kwa asidi ili asitambulike, na Julai mwaka huohuo alipouawa Chicago wakamtambua kwa vidole hivyohivyo, maana alama haikuisha yote. Akaniambia pia kuna mzee mmoja wa Singapore, mgonjwa wa saratani, dawa alizokuwa anakunywa zilimfuta alama, akazuiwa masaa manne uwanja wa ndege huku Marekani kwa sababu mashine haikumwona, hadi madaktari wake wakaandika kwenye jarida lao mwaka 2009 kutahadharisha wenzao. Na wafyatua matofali, na waosha vyombo, na watu wa saruji, wote hao mashine inawasumbua. Alikuwa ananifariji, namjua. Lakini mi nilichobaki nacho ni kwamba swali la yule binti lilikuwa na watu wawili ndani yake, jambazi na mgonjwa, na mtu wa kazi hakuwemo.

Jumamosi saa mbili asubuhi, kwao alasiri, nikampigia mama. Nilikuwa pakingi ya hoteli sijaingia kazini. Sikupanga kumwambia. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, hamjambo huko, mjukuu wangu hajambo, baridi imepungua, tukaenda hivyo mpaka akaniuliza ile kazi yako ya wazee imefikia wapi, basi nikamwaga yote.

Akasikiliza. Halafu akaniuliza, "Na wewe ulimjibu nini?"

Nikamwambia nilisema samahani.

Akanyamaza. "Samahani ya nini?"

"Sijui mama."

Wale wapya hapa hawajui, mama yangu kafanya kazi shamba la mkonge njia ya Muheza toka mimi sijazaliwa hadi nimemaliza darasa la saba. Alikuwa upande wa kuanika. Singa, zile nyuzi za mkonge, zikitoka korona, ile mashine ya kuchambua majani, bado mbichi zinadondosha maji, wanazibeba wanazitandaza kwenye nyaya juani, na yale maji ya mkonge yanawasha jamani, ukirudi nyumbani mikono imewaka hadi kwenye viwiko. Nilikuwa napaka mafuta ya nazi viganja vyake usiku, mi na dada, kila mmoja kiganja chake. Nilikuwa najua vile viganja vilivyo, vinakwaruza kama msasa, lakini sikuwahi hata siku moja kujiuliza mashine ingevionaje.

Akaniambia unakumbuka ile Januari ya 2020, kusajili laini za simu? Nakumbuka, nani hakumbuki, mwisho ulisogezwa kutoka Desemba hadi tarehe 20 Januari, watu wamejaa barabarani kwa mawakala, asiyesajili kwa kidole laini inazimwa. Mi nilikuwa Dar wakati ule, nilijua tu mama kasajili, sikujua kasajilije. Kumbe alikwenda siku tatu. Siku ya kwanza kidole kimegoma. Siku ya pili kimegoma, kaambiwa akanawe na sabuni, kanawa, kimegoma. Siku ya tatu yule kijana wa laini kachoka, jua kali, foleni inapiga kelele, akamwambia bibi, wewe huna vidole.

"Nikamnyooshea yote kumi," mama anasema, "nikamwambia hesabu."

Nikamuuliza, akahesabu?

"Akahesabu! Kwa sauti! Foleni nzima inamsikiliza. Alipofika kumi nikamwambia haya, viko vyote, sasa tafuta kimoja mashine yako inachokipenda."

Ni kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto ndo kilikubali. Mpaka leo laini ya mama iko kwenye hicho kidole.

Nilicheka nikashika usukani. Nilicheka hadi yule Maria wa zamu ya asubuhi akaja kugonga kioo kuuliza kama nalia. Na kile kidonge kilichokuwa kooni toka Alhamisi kikashuka, sio kwamba kimeisha, bado nimeamka saa kumi hii kama mnavyoona, lakini kimeshuka. Kwa sababu mama hakumchukia yule kijana. Anavyolisimulia anamtaja vizuri kabisa, kijana wa watu, jua lilikuwa kali. Ila hakumwomba samahani.

Kwa hiyo sasa niko hivi. Nimejifunza kwamba ile mistari haiishi, shina lake liko kwenye ngozi ya chini, hii ya juu ikiliwa na dawa ukiipumzisha wiki chache inaota tena vilevile ilivyokuwa tumboni mwa mama yako, haikosei hata mkunjo mmoja. Nimeomba wiki mbili nifanye upande wa kukunja mashuka badala ya mabafu, saa zinapungua na hela inapungua lakini msimamizi kakubali. Usiku napaka mafuta ya nazi navaa soksi za Nasra mikononi. Asubuhi Nasra anachukua tochi anakagua, ana daftari kabisa, kachora vidole kumi, kinachoonyesha mistari anakipaka rangi ya kijani. Mpaka jana vilikuwa sita. Cha shahada cha kulia kakipaka nusu, nikamwambia si useme kimerudi, akasema hapana mama, nusu.

Narudi pale Jumanne ya wiki ijayo. Nimeambiwa zikikataliwa FBI mara mbili kwa kutosomeka, yanaweza kupelekwa maombi watafute kwa jina badala ya vidole, na hapo ndo naogopa kidogo maana jina langu la kati kwenye pasipoti lina herufi ambayo kwenye cheti cha kuzaliwa haipo. Lakini tusifike huko. Akiwa yuleyule binti nitamsalimia. Akiniuliza tena nitamjibu, jiki, bafu, gumba, vyote. Asiponiuliza sijui kama nitamwambia mwenyewe. Nadhani nitamwambia. Kuna mwingine atakuja nyuma yangu na vidole kama hivi.

Kitu kingine halafu nikalale kidogo. Kawaida nikimpigia mama alasiri nasikia cherehani, anaongea na mimi huku mguu unakanyaga, ile sauti siku zote inaingia katikati ya maneno hadi nimeizoea. Jumamosi haikuwepo. Nimekuja kuligundua jana usiku, nimelala, nikawa naikumbuka ile simu na kicheko chake nikaona mbona palikuwa kimya vile. Leo mchana wake nikamtumia sauti kumuuliza, akanijibu aah, nimemuazima mtu. Mama yangu! Mama ambaye shangazi, dada yake baba, aliomba ile cherehani wiki moja ya Idi akanyimwa. Hajasema kamuazima nani. Nimemuandikia kaka Hamisi, yuko palepale nyumba ya tatu, tiki za bluu zimetokea na hajajibu.