Bibi Anna na kidole chake mdomoni

Kuna mchoro mmoja kwenye Makumbusho ya Taifa pale Warsaw, Polandi, nimesimama mbele yake mpaka miguu ikaanza kuuma. Ni Mtakatifu Anna, bibi yake Yesu, amechorwa karne ya 8 au mwanzoni mwa ya 9, macho makubwa yaani makubwa kweli, halafu kaweka kidole mdomoni kama anayekwambia nyamaza. Kuna wataalamu wanaosema hapo anasali kimoyomoyo. Mimi nilinyamaza tu.

Sasa huyu bibi hajatoka Ulaya! Katoka Faras, kaskazini kabisa mwa Sudan, mpakani na Misri. Miaka yote nikisikia makanisa ya zama za kati akili inaniendea Ufaransa na Italia, labda na Ethiopia, kumbe Nubia, ile nchi ya kando ya mto Nile kusini mwa Misri na kaskazini mwa Sudan, ilikuwa na falme za Kikristo tangu karne ya 6, na Faras, ambayo zamani iliitwa Pachoras, ilikuwa na kanisa kuu, askofu Paulos akalijenga upya mwaka 707 na mawe yake ya kumbukumbu yapo, moja Kigiriki na lingine Kikopti, lugha ya Wakristo wa Misri.

Kilicholiokoa ni mchanga. Ulijaa ndani taratibu mpaka kanisa likafukiwa, na juu yake watu wakaja kujenga ngome. Waliokuja kufukua wakakuta kuta bado zina rangi, na chini ya plasta moja kuna plasta nyingine ya zamani zaidi nayo ina michoro yake, maana kila kizazi kilipaka upya kikachora watakatifu wake. Kwenye ukuta mmoja kulikuwa na orodha ya maaskofu 27, hiyo ndiyo ikawasaidia kujua nani alichorwa lini.

Ila muda haukuwepo. Misri ilikuwa inajenga bwawa kubwa la Aswan na maji yangefunika bonde lote, UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu na utamaduni, ikaomba nchi zije kusaidia, Wapolandi wakiongozwa na profesa Kazimierz Michałowski wakapewa Faras, wakachimba kuanzia 1961 hadi 1964. Fikiria unabandua mchoro wa miaka elfu moja kwenye ukuta wa matofali: wanabandika karatasi laini ya Kijapani juu ya rangi, wanapaka nta iliyochanganywa na utomvu, wanaipiga pasi ishike vizuri, halafu wanakata kwa nyuma na msumeno, polepole, kipande kwa kipande, huku wanajua mto unakuja. Wakatoa michoro zaidi ya 120! Zaidi ya 60 ikaenda Warsaw kwa makubaliano na Sudan, iliyobaki ikaenda Khartoum.

Ukumbi wa Warsaw wameupanga kama vile upo ndani ya kanisa lenyewe, na hapo ndipo nilipokutana na askofu Petros wa karne ya 10. Nyuma yake kasimama mtume Petro, ngozi nyeupe na nywele za mzee, kamshika mabega, na askofu mwenyewe ni mweusi, Mnubi kabisa, kavaa mavazi yake ya kiaskofu yaliyojaa mapambo. Aliyechora alimjua mtu wake. Niliangalia ile mikono ya mtume mabegani kwake muda mrefu sana, nikasikia koo linakaza.

Ile nusu ya Khartoum ndiyo inayoniuma. Kule ndiko walikopelekwa Shadraka, Meshaki na Abednego, wale vijana watatu wa kwenye Biblia, wamesimama kwenye tanuru, malaika mkuu Mikaeli kanyoosha mabawa juu yao na moto hauwagusi. Vita ilipoanza Aprili 2023 makumbusho yale yakaangukia mikononi mwa wapiganaji, vitu vingi vikaporwa. Tangu nirudi kila nikiona habari imeandikwa Khartoum naifungua haraka nitafute kama wamewataja wale vijana watatu.