Mkuu wa katikati ya jiji atafutwe wapi?

Steshenari yangu iko Kariakoo, Dar es Salaam, na siku hizi fotokopi hainilipi kodi ya fremu. Kinachonilipa ni kuwasaidia watu kuomba kazi. Mtu anakuja na bahasha ya vyeti, tunaingia Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi za serikali, naskani, napandisha. Masharti nimeyakariri: vyeti vigongwe muhuri wa wakili, wadhamini watatu, umri usizidi miaka 45 kama hauko serikalini tayari.

Juzi kaja kijana aliyesoma mipangomiji pale Chuo Kikuu Ardhi. Huku naskani cheti chake akanitupia swali: "Dada, Serikali ikiunda ofisi ya kupanga na kusimamia katikati ya jiji, Posta mpaka Kariakoo tu, mkuu wake ungemtafuta wapi?"

Nikamwambia kwanza tuangalie huyo mkuu atamwamuru nani. Mkurugenzi wa Jiji anateuliwa na Rais. Meya anachaguliwa na madiwani. Barabara za mitaani ni za TARURA, maji ya DAWASA, nguzo za TANESCO, mwendokasi uko kwa DART. Hapo amebaki na nini? Kiti, gari na simu. Kwa hiyo mimi ningetafuta mtu anayejua kuongea na asiowaamuru, wakamsikiliza.

Mei 2023 maduka ya hapa yalifungwa kwa mgomo wa kodi na usajili wa stoo, mpaka Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, akaja kukaa na wafanyabiashara Mnazi Mmoja. (Mimi nilifungua nusu mlango, watu wa usaili hawasubiri mgomo.) Kodi na usajili wa stoo si mambo ya ofisi ya mipango, najua. Lakini yale manung'uniko yalikuwa yakizungumzwa hadharani kwenye vijiwe vya kahawa muda mrefu kabla. Mkuu mwenye masikio mtaani angeyapeleka juu mapema.

Sasa usaili wetu unampima nani? Kuna mtihani wa kuandika, mchujo, halafu unakaa mbele ya jopo na suti ya kuazima. Ningekuwa kwenye jopo ningempeleka mwombaji Mtaa wa Msimbazi alfajiri, wakati mizigo inashushwa. Fuso limeziba njia, nyuma honi tupu. Ningemuuliza: unaanza na nani? Atakayemkimbilia dereva simchukui, dereva haondoki mzigo ukiwa nusu. Atakayemuulizia kiongozi wa makuli, huyo tuendelee naye. Na wa chini yake waajiriwe hivyohivyo, hasa afisa wa kushughulika na machinga na mama lishe, maana huyo ndiye watu watakayemwona kila siku.

Kijana akabisha. "Bila shahada atasomaje mchoro?" Nikamjibu shahada iwepo, ila isiwe ndiyo mlango peke yake.

Tulipofika kwenye uzoefu wa kazi akaniambia niandike mafunzo kwa vitendo, basi. Nikamuuliza ada alikuwa analipaje. Kumbe alikuwa anauza viatu Mtaa wa Congo, chini kabisa, kwenye turubai, na alikuwepo 2021 machinga walipoondolewa barabarani. Ndiye aliyetumwa na wenzake kwenda kuongea na mtendaji wa mtaa.

"Hiyo si kazi ya kuandika, dada."

Nimeiandika, juu ya mafunzo kwa vitendo. Akitaka kuifuta, neno la siri analo.