Siku moja maishani mwangu: dawati la kuazimana makala, maktaba ya hospitali

Saa 1:30 asubuhi

Nafungua DOCLINE kabla ya barua pepe na kabla ya chai. Ni mtambo wa Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, unaofanya kazi tangu 1985. Kupitia humo maktaba za hospitali na vyuo vya tiba vya Marekani na Kanada zinaombana makala za majarida, na mara mojamoja vitabu. Yetu ni ndogo, chumba kimoja na wakutubi wawili, katika mji mmoja wa mashariki mwa Marekani. Hakuna hospitali yenye fedha ya kulipia kila jarida ambalo madaktari na wauguzi wake watalihitaji, ndiyo maana tunaazimana. Sisi tumo kwenye kundi la FreeShare, ambalo wanachama wake wamekubaliana kupeana bila kulipishana.

Leo kuna maombi 11 ya wenzetu yaliyoingia tangu Ijumaa jioni. Nayapokea yote kwanza. Ombi lisipopokelewa ndani ya muda wake, mtambo unalipeleka wenyewe kwenye maktaba inayofuata, na aliyeomba anakuwa amepoteza muda huo wote kwa uzembe wa mtu asiyemjua.

Saa 2

Tisa kati ya 11 tunazo mtandaoni. Kuzipakua ni dakika chache. Kinachochukua muda ni kusoma leseni. Mkataba wa mchapishaji mmoja unaruhusu kutuma faili lenyewe. Mwingine anataka uchapishe karatasi kwanza, uiskani, ndipo utume. Wa tatu anaruhusu kuazima ndani ya nchi tu. Tunayo jedwali ya masharti hayo, jarida kwa jarida, na tunaipitia upya kila mkataba unapohuishwa.

Sharti hilo la tatu linawagusa jamaa wa Dar es Salaam na Nairobi ambao huniomba niwatumie makala. Siwezi, na si kwa ubahili. Muulizeni mkutubi wa chuo au hospitali yenu kuhusu Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanza mwaka 2002, unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya tiba bure au kwa bei nafuu. Anayesajiliwa ni taasisi, si mtu mmoja mmoja, kwa hiyo nywila iko kwa mkutubi. Ikishindikana, mwandikieni mwandishi wa makala. Anuani yake huwa kwenye ukurasa wa kwanza, na wengi wanajibu.

Makala mbili zilizobaki zimo kwenye majuzuu yaliyojalidiwa, ghorofa ya chini. Kuskani kuna mambo yake. Nukta 300 kwa inchi zinatosha. Picha za eksirei zinataka rangi za kijivu, picha za hadubini zinataka rangi kamili, kwa sababu kwenye nyeusi na nyeupe tupu picha inageuka doa na daktari hapati kitu. Juzuu nene halifunguki vizuri, na maneno ya upande wa mgongo wa kitabu yanamezwa, kwa hiyo nalibonyeza kwa mkono na kusoma mstari wa ndani wa kila ukurasa kabla ya kutuma. Nahesabu kurasa. Naangalia kama makala inaendelea nyuma ya matangazo. Ndipo naandika kwenye mtambo kwamba ombi limetimizwa.

Saa 3

Sasa zamu ya watu wetu. Kila ombi nalitafuta kwanza kwenye PubMed Central, maana makala nyingi zilizogharamiwa na serikali ya Marekani zimo humo bure, na ni aibu kumsumbua mwenzako kwa kitu kilicho wazi kwa dunia nzima. Halafu hakimiliki. Kanuni tunayoifuata ni ya miaka ya 1970: kwa mwaka mmoja wa kalenda, maktaba inaomba makala zisizozidi tano za jarida moja, zikiwa za miaka mitano ya karibuni. Ya sita inalipiwa haki ya mchapishaji. Mwenye kuhesabu ni anayeomba, na kumbukumbu anazitunza miaka mitatu. Makala kongwe kuliko hapo haziingii kwenye hesabu hiyo.

Saa 3:40

Mfamasia wa wodi ya wagonjwa mahututi anapiga simu. Anataka makala ya miaka ya 1980 kuhusu kipimo cha dawa ambayo siku hizi haitumiki sana, kwa mgonjwa ambaye figo zake hazifanyi kazi. Kanitumia picha ya orodha ya marejeo aliyoipiga kwa simu: jina la mwandishi, Acta Med Scand (kifupi cha jina la jarida, Acta Medica Scandinavica), mwaka, neno la kuonyesha kuwa ni toleo la nyongeza, namba ya mia sita na kitu, kurasa. Natuma ombi kwa alama ya dharura ya mgonjwa. Kwenye maelezo siandiki jina la mgonjwa wala namba ya kitanda. Sheria ya faragha hairuhusu, na maktaba ya pili haina haja nalo.

Maktaba ya kwanza inapokea mara moja. Halafu kimya, dakika arobaini. Jibu lake: haipo rafuni. Ombi linaruka kwa ya pili, nayo inajibu ndani ya dakika kumi: jarida tunalo, nyongeza hatuna.

Jibu hilo la pili ndilo lililonifumbua macho. Jarida hilo la Skandinavia, ambalo tangu 1989 linaitwa Journal of Internal Medicine, lilikuwa likitoa nyongeza zenye namba zake zenyewe, zisizofuata namba za majuzuu. Katika katalogi ya Maktaba ya Taifa ya Tiba nyongeza hizo zina rekodi yao peke yake, kama jarida jingine kabisa. Fomu yetu ilikuwa imejijaza jina la jarida mama, na mtambo haubahatishi: unapeleka ombi kwa maktaba zilizotangaza kuwa na ulichoandika. Tungeweza kuzunguka hivyo mpaka jioni, kila maktaba ikisema hapana kwa haki.

Nafuta ombi, naandika jipya chini ya rekodi ya nyongeza. Inajitokeza maktaba ya chuo pwani ya magharibi. Kwao ni saa 1:40 asubuhi, bado hawajafungua. Nasubiri saa 5 yetu, ambayo kwao ni saa 2, na napiga simu badala ya kutegemea skrini. Mkutubi wa huko ananiambia juzuu lipo ghalani, atateremka mwenyewe.

Mfamasia amepiga simu mara tatu, na anayo haki. Katika kusubiri nimempa nilichoweza: muhtasari kutoka PubMed, orodha ya mtandaoni ya makala za tiba, na makala mbili za karibuni zilizoinukuu ile ya zamani. Zote mbili zinataja kipimo kwa jumla tu, na yeye anataka jedwali lenye viwango vya damu kwa kila saa.

Faili linafika saa 6:30. Nalifungua nikiwa na simu mkononi, tayari kumwita. Jedwali limo ukurasa wa tatu, limechapishwa kwa ubavu, na safu yake ya mwisho imemezwa na mgongo wa kitabu. Safu hiyo ndiyo ya wagonjwa wa figo.

Naripoti tatizo kwenye mtambo, napiga simu tena, yule mkutubi yuko kwenye mafunzo. Mwenzake anaandika ujumbe. Hapa sina la kufanya isipokuwa kumweleza mfamasia ukweli, kwamba tumepata kurasa zote isipokuwa sentimita mbili anazozihitaji. Anashusha pumzi na kusema sawa. Nampelekea zilizopo, nikiwa nimeizungushia ile sehemu iliyokatika, asije mtu akaisoma kwa haraka akadhani jedwali limekamilika.

Saa 8:15 ukurasa umefika, safi, safu zote. Nampelekea, naandika kwamba tumepokea, nawashukuru wale wa ghalani. Mtu ameacha kazi zake akateremka ngazi mara mbili kwa ajili ya hospitali asiyowahi kuiona.

Baadaye mchana

Chai ya asubuhi ninainywa sasa. Kuna kitabu cha uuguzi cha kurudisha: nakifunga kwa karatasi yenye viputo, naweka hati ya mwenye kitabu ndani na si juu ya bahasha tu, kwa kuwa bahasha ikichanika njiani kitabu hakina kwao. Maombi sita mengine, ya kawaida. Moja ni la makala iliyotoka mtandaoni kabla ya kupewa juzuu na kurasa. Hizo zinasumbua, kwani maktaba nyingi mkataba wao unafungua jarida baada ya miezi sita au mwaka, na asiyeandika kipindi hicho cha kusubiri kwenye orodha yake anapokea maombi asiyoweza kuyatimiza. Kila kitu kwenye kazi hii kinasimama juu ya orodha hiyo ya umiliki, ambayo kila maktaba inajiandikia yenyewe na hakuna anayekuja kuikagua rafuni.

Haipo rafuni, walituambia asubuhi, baada ya dakika arobaini. Neno hilo halijanitoka kichwani, kwa hiyo kabla ya kufunga nateremka na orodha yetu mkononi. Rafu ya majarida ya upasuaji: tumetangaza kuanzia 1984. Juzuu la kwanza ninalolikuta ni la 1988. Yaliyotangulia yaliondolewa tulipopunguziwa nafasi, na hakuna aliyebadilisha rekodi.

Narudi juu, nafuta miaka minne, naweka 1988, nahifadhi. Saa 11 na nusu.