Nilidhani ni manyoya, kumbe ni uzi

Pamba alipoanza kutapika, jibu nilikuwa nalo tayari: manyoya. Ni paka mwenye manyoya marefu, meupe yenye kijivu kidogo mgongoni, na kila baada ya wiki tatu au nne nilikuwa nakuta donge sakafuni karibu na cherehani. Nafuta, natupa, narudi kushona. Mimi ni fundi wa nguo hapa Migosi, Kisumu, na kazi naifanyia sebuleni.

Ilikuwa Jumanne, shule zikikaribia kufunguliwa. Nilikuwa na magauni 18 ya sare ya kumaliza, na uzi wa damu ya mzee ulikuwa umetapakaa kila mahali: mezani, kwenye kiti, chini ya pedali. Asubuhi Pamba alitapika povu la manjano. Mchana akatapika tena. Jioni akajikunyata chini ya meza, shingo mbele, mbavu zikivutwa ndani kwa nguvu, akajikamua mara tano, sita, na hakikutoka kitu. Omena niliyomwekea ilikauka sahanini. Pamba kuacha omena, hilo peke yake lingetosha kunishtua.

Jirani yangu Mama Atieno alikuja kuchukua sketi yake akamwona. "Ni manyoya hayo, Mama Hawi. Mnyweshe mafuta ya kupikia kijiko kizima, yatateleza yenyewe." Alisema kwa nia njema, na mimi nilimwamini. Nilimkamata Pamba, nikamfungua mdomo, akanipiga makucha, kijiko kikamwagika. Leo nashukuru kilimwagika. Mafuta ukiyalazimisha kooni mwa paka anayetapika yanaweza kuingia kwenye mapafu, na hapo unaongeza ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza. Tena nilikuwa na parasetamoli kabatini na wazo la kumpa kipande lilinipitia kichwani. Hiyo ni sumu kwa paka, hata kipande kidogo kinaweza kumuua.

Jumatano asubuhi binti yangu aliita kutoka uani: "Mama, Pamba ana uzi huku nyuma!" Nikatoka mbio. Kweli, ncha ya uzi wa damu ya mzee, kama urefu wa kidole, ilikuwa inaning'inia chini ya mkia. Niliushika nikauvuta kidogo tu. Pamba akalia, na uzi ukakaza.

Nikauachia. Mkazo ule naujua. Ukitaka kutia marinda kwenye sketi, unapitisha uzi mmoja kwenye kitambaa, unaushikilia upande mmoja, unavuta upande wa pili, na kitambaa chote kinajikunja juu yake. Uzi wa Pamba ulikuwa umeshikiliwa mahali huko ndani, na nilichokuwa nakivuta ni utumbo wake. Nilimtia kwenye kikapu cha sokoni, nikafunika kwa kanga, nikaita boda.

Daktari wa mifugo alikuwa kijana mpole. Nilianza kumweleza habari za manyoya, akaniacha nimalize, kisha akaniambia, "Mama, tuangalie kwanza chini ya ulimi." Akamfungua mdomo kwa mkono mmoja, na kwa kidole gumba cha mkono wa pili akasukuma juu ile sehemu laini katikati ya mifupa ya taya, kutoka nje. Ulimi ukainuka. Pale kwenye shina lake uzi ulikuwa umezunguka, mwembamba kama unywele, umeanza kukata nyama. Nilikuwa nimemfungua mdomo usiku uliopita nisiuone.

Aliniambia vizuri sikuendelea kuvuta. Uzi ukinaswa upande mmoja, utumbo unaendelea kusukuma, unajikunja marinda, na uzi uliokaza unaweza kuukata kama msumeno. Kinyesi kikimwagika tumboni, paka anakufa. Alimlaza usingizi, akaukata uzi pale kwenye ulimi, akampasua tumbo na kuutoa. Nililipa kwa pesa niliyokuwa nimeiweka ya kununulia vitambaa, na sijawahi kuijutia.

Siku nilipomrudisha kukaguliwa mshono, nilimwuliza daktari maswali yote niliyopaswa kuuliza miaka mitatu kabla. Ulimi wa paka una vijiba vidogo vigumu kama miiba, vya kitu kilekile kinachofanya kucha, na vyote vimeelekea kooni. Ndiyo maana akikulamba mkono unahisi msasa. Akijilamba, manyoya yaliyokufa yananaswa kwenye miiba hiyo na hana jinsi ya kuyatema, anameza. Mengi yanapita na kutoka na kinyesi bila wewe kujua. Yanayobaki tumboni ndiyo yanayosokotana. Na uzi ni hivyohivyo: ukishagusa ulimi, njia ni ya kwenda ndani tu. Niliposikia hayo nilikumbuka mara ngapi nimemwona akicheza na mabaki ya uzi na nikamwona anapendeza.

Donge la kweli la manyoya, aliniambia, si mviringo. Limepita kwenye koo jembamba, kwa hiyo linatoka refu kama soseji, limelowa, rangi ya manyoya yake mwenyewe. Paka akishalitoa anajipangusa na kwenda kula. Anayejikamua tena na tena bila kutoa kitu, akagoma kula, akajificha, huyo ni wa kupelekwa siku hiyohiyo. Na paka akikaa siku mbili au tatu bila chakula, hasa aliye mnene, ini lake linaweza kujaa mafuta ya mwili wake mwenyewe na kuharibika. Mimi nilikuwa nangoja "manyoya yateleze".

Kuna na kikohozi. Paka mwenye pumu hujikunyata chini na kunyoosha shingo kama anayetaka kutapika, lakini mbavu hazisukumi namna ile, na mwisho hakuna matapishi. Daktari alinishauri nikiwa na shaka nimrekodi kwa simu, kwa sababu paka akifika kliniki huacha kila kitu.

Nina daftari la vipimo vya wateja: kiuno, kifua, urefu. Ukurasa wa mwisho nimempa Pamba. Tarehe, kilichotoka, muda tangu ale, kama amekula baadaye. Mwezi wa kwanza tu daftari lilinifumbua macho. Nusu ya alichokuwa anatapika hakikuwa na unywele hata mmoja. Ilikuwa omena nzima, haijasagika, dakika chache baada ya kula. Alikuwa anabugia. Sasa nampa kidogokidogo mara nne kwa siku, nimeitandaza kwenye sinia pana ili aokote mojamoja, nimeichemsha bila chumvi na kuiosha mchanga. Mifupa ya mgongo wazi, yale mabaki ya samaki aliyetolewa minofu, nimeacha kabisa kumpa, hata akilia mlangoni.

Manyoya nayo yana sababu yake. Alikuwa na viroboto, akijilamba na kujing'ata kutwa, na kadiri anavyojilamba ndivyo anavyomeza. Kwenye agroveti niliuziwa dawa ya mbwa, "mpake kidogo tu, ni ileile." Nilisoma karatasi mlangoni, nikaona permethrini, nikairudisha. Dawa hiyo mbwa anaivumilia, paka inampa degedege na inaweza kumuua. Nilingoja siku mbili nikapata ya paka kwa daktari. Na kila jioni, nikishafunika cherehani, namchana kwa kitana cha meno mapana kuanzia shingoni kwenda mkiani. Manyoya yanayobaki kwenye kitana yanajaza kiganja. Hayo yote yalikuwa yakipita tumboni mwake.

Uzi sasa uko kwenye kopo la maziwa lenye kifuniko, na sakafu naifagia kabla sijazima taa, hata iwe saa sita ya usiku.

Mstari wa mwisho kwenye daftari ni wa Jumapili: "Donge 1, la manyoya, refu kama kidole. Amekula baada ya nusu saa. Amelala kwenye kitenge cha mteja."