Kompyuta Isiyo na Diski

Jumapili, saa tano usiku

Sebule imejaa waya. Mke wangu ameniachia kona moja nyuma ya kochi, pamoja na onyo: waya utakaokatiza mlangoni ataanikia nguo. Sikubisha.

Nina kompyuta mbili za mtumba nilizouziwa kwa bei ya kutupa kwa sababu diski zake zilishakufa. Ningeweza kununua diski nyingine yakaisha. Lakini nilishikwa na hamu ya kuziwasha bila diski kabisa, zichote Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kutoka kompyuta yangu ya mezani kwa waya wa mtandao. Si jambo jipya. Mradi wa LTSP, uliosaidia shule nyingi kufanya hivyo, ulianza mwaka 1999, mwaka uleule Intel walipotoa toleo 2.1 la PXE, utaratibu wa kuwasha kompyuta kupitia mtandao.

Mpwa wangu, yuko kidato cha tatu, aliniuliza swali ambalo ndilo kiini cha kazi yote: "Mjomba, kama haina diski, itajuaje ianzie wapi?"

Haijui, inauliza. Inaamka mtupu na kupaza sauti kwenye mtandao mzima: nani atanipa anwani? Ruta inaipa. Kisha inataka jina la faili la kuanzia na mahali pa kulichukua, na hapo ruta yangu ni bubu. Skrini ikaandika PXE-E53, yaani anwani nimepata, jina la faili sijapewa.

Nikaharakisha. Niliweka dnsmasq, programu ya kugawa anwani za mtandao, kwenye kompyuta yangu nikaiacha nayo igawe anwani. Nyumba moja, wagawaji wawili! Simu ya mke wangu ikaangukia kwa mgawaji wangu, ambaye aliielekeza itokee intaneti kupitia kompyuta isiyo na njia ya kutokea. Alikuwa katikati ya kuongea na dada yake kwa video. Sitaandika aliyoniambia.

Dawa ilikuwa mstari mmoja tu: dhcp-range=192.168.1.0,proxy. Kwa mpangilio huo ruta inaendelea kugawa anwani, na dnsmasq inachomekea tu lile jina la faili.

E53 ikatoweka. Ikaja PXE-E32: jina ninalo, faili haliji. Hii ilinila usiku mbili. Nilibadilisha waya, nikabadilisha swichi, nikailaumu kadi ya mtandao kwa uzee wake, hata nikaanza kumtukana aliyeniuzia. Kumbe mlango nilikuwa nimeufunga mwenyewe. Kwenye fayawoli, mlinzi wa milango ya mtandao ya kompyuta yangu, nilifungua poti 67 na 4011, nikasahau 69, ambayo ndiyo ya TFTP, njia nyepesi ya kuhamisha faili. Yule muuzaji simjui tena alipo, la sivyo ningempelekea hata soda.

TFTP yenyewe ni mtumishi wa ajabu. Haiulizi neno la siri, na kwa kawaida yake ya asili inabeba baiti 512, inasimama, inangoja iambiwe "nimepokea", ndipo inabeba nyingine. Faili la MB 60 kwa mwendo huo ni safari kama 120,000. Ndiyo maana sasa naitumia kuleta iPXE tu, kifaili kidogo cha kuwashia, kisha iPXE inavuta mzigo mkubwa kwa HTTP, njia ileile inayoleta kurasa za wavuti.

Leo jioni zote mbili ziliwaka. Mpwa wangu akakaa kwenye moja na kazi yake ya jiografia. Mimi, kwa mazoea, nikaiwasha upya kompyuta yangu ili kumalizia masasisho.

"Mjomba! Imeganda!"

Bila shaka. Kila faili alilokuwa akiligusa lilikuwa kwangu. Seva, yaani kompyuta yangu, iliporudi, yake nayo ikazinduka pale ilipoishia, kazi haikupotea. Lakini hakuridhika. Nilipotoka kuoga nimekuta karatasi imebandikwa kwa gundi juu ya kitufe changu cha kuwashia: USIZIME, NASOMA.