Nga-nga-nga chini ya IST yangu: jinsi tulivyoisaka mpaka tukaikamata

Gari imenyamaza jamani! Naandika haraka kabla sijasahau hatua zote, maana najua tuko wengi tunaoendesha na mlio chini ya gari, tunaongeza sauti ya redio na maisha yanaendelea.

Gari yangu ni Toyota IST ile ya kizazi cha kwanza, iliyotengenezwa Japani kati ya 2002 na 2007, injini ya 1NZ. Ukisimama pale Mwenge, hapa Dar, zinapita mpaka unachoka kuziangalia. Mimi nakaa Goba, barabara ya mtaani kwetu ni mawe na makorongo mpaka uikute lami, kwahiyo gari kugonga miguu (yani vyuma na raba zinazobeba tairi) kwetu ni kawaida, ila huu mlio ulikuwa mwingine kabisa. Haukuwa ule mlio mzito wa go-go ukipita shimo. Ilikuwa nga-nga-nga-nga ya haraka haraka, kavu, kama mtu anatikisa kopo lenye sarafu, na unakuja unaondoka, saa ingine naapa uko chini ya siti ya dereva, saa ingine nadhani uko nyuma kwenye tairi la akiba.

Fundi wa kwanza hakuuliza kitu. Akainama, akatikisa tairi, akainuka: "Dada, hizi stebilaiza linki zimekufa zote mbili." Na kweli hizo linki, vile vyuma vifupi vinavyounga mguu wa tairi na chuma cha kuzuia gari isilale kwenye kona, zilikuwa zimechoka, ukizishika zinacheza, nikanunua mpya Gerezani Kariakoo zikafungwa, na nikipita kwenye tuta ile go-go ikaisha. Lakini nga-nga ipo palepale. Akasema basi ni bushi, zile raba za wishboni, mkono unaoshika tairi. Nikirudi tena, sasa ni shokapu. Yani hicho ndo kinaniuma sana na gereji zetu, spea inabadilishwa kabla mlio wenyewe haujaulizwa maswali, na mwenye gari anatoa hela ambayo ilikuwa ada ya mtoto. Nikamwambia fundi asante, tusimame kwanza, hatununui kitu kingine mpaka tujue ni nini kinalia.

Swali la kwanza kabisa ni: unalia lini? Kama unalia ukipita tuta au shimo tu, hapo uko kwenye miguu, linki, bushi, mauntini za shokapu, bol jointi. (Bol jointi, kile kiungo cha duara kinachoshika tairi, usilale nayo hata siku moja ikiwa imechoka, ikichomoka tairi linalala na gari haina usukani tena.) Ukikata kona mpaka mwisho ukasikia ta-ta-ta, waza sivii jointi, kile kiungo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye tairi. Ukigusa breki kidogo mlio ukakata, fungua uangalie pedi na klipu zake, na kwenye barabara za kokoto kama zetu saa ingine ni kijiwe tu kimenasa kati ya diski na kile kibati cha nyuma yake. Kama unaongezeka na mwendo wa gari hata ukiweka N ukaiacha itambae, angalia tairi na beringi. Alafu kuna ule unaofuata resi ya injini bila kujali gari inatembea au imesimama, huo hauhusiani na miguu hata kidogo.

Kabla ya yote nikatoa kila kitu kwenye buti, jeki, spana ya tairi, pembetatu, dumu la maji, maana navyo huwa vinatembea huko chini ya kapeti. Nga-nga ikabaki. Basi jioni nikamwita mdogo wangu akae kwenye siti, gari imesimama uwanjani, handibreki juu, gia P, nikamwambia piga resi taratibu sana, panda kidogo kidogo, usikanyage kwa pupa. Kwenye sailensi, yani injini inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, kimya. Mizunguko elfu moja na mia tano kwa dakika, kimya. Ilipokaribia elfu mbili, nga-nga-nga! Akapandisha mpaka elfu mbili na mia tano, ikakata. Akashusha, ikarudi. "Dada inalia hapahapa tu," ananiambia anacheka. Mimi nilitaka kuruka kwa furaha, kwasababu gari imesimama na mlio upo, maana yake shokapu wanaotaka kuniuzia hazina kesi.

Na kwanini elfu mbili tu? Injini ya silinda nne ikizunguka mara 2000 kwa dakika inalipua mafuta kama mara 66 kwa sekunde, na ule mtikisiko unashuka mpaka kwenye bomba la ekzosi. Kila kipande cha bati kilicholegea kina mtikisiko wake kinaoupenda, ukiufikia huo kinaitika kwa nguvu, ukiupita kinatulia. Kwahiyo mlio unaokaa kwenye resi moja unakuambia kuna kitu chepesi kimelegea kwenye injini au kwenye ekzosi. Pia ulikuwa mkali zaidi asubuhi gari ikiwa ya baridi, nikifika Makongo umepungua. Chuma kikipata moto kinatanuka, palipokuwa na nafasi panabana kidogo.

Kesho yake asubuhi kabla haijawashwa nikaenda kwa mzee mmoja mwenye gereji ya shimo, huko chini unaingia umesimama. Jamani msiingie chini ya gari iliyobebwa na jeki peke yake, weka stendi au tafuta shimo, jeki inateleza na hakuna wa kukutoa. Na ekzosi iwe imepoa kabisa, maana gari ikitembea lile eneo la masega, kile kichujio cha moshi kwenye bomba la ekzosi, linafika mamia ya nyuzi joto, ukigusa ngozi inabaki pale.

Nikamsalimia shikamoo mzee, nikamweleza ya elfu mbili, hakusema neno, akachukua nyundo ya mpira akashuka. Akaanza mbele. Akagonga masega, du, sauti nzito iliyoshiba, akasema humu pazima. Masega yakivunjika ndani unasikia vipande vinacheza kama kokoto, na hivyo vipande vinaweza kuziba njia ya moshi mpaka gari inakosa nguvu ya kupanda mlima. Akashika bomba akalitikisa kuangalia zile raba zinazolining'iniza, zilikuwa zinashika. Akagonga mafla ya kati, du. Mafla ya nyuma, du. Akapeleka kiganja kwenye lile bati jembamba la kukinga joto, linalokaa kati ya bomba na sakafu ya gari, akaligonga kwa vidole tu.

Nga-nga-nga.

"Mwanangu, mgonjwa wako huyu hapa."

Bati lenyewe linashikwa na bolti ndogo, na bolti zilikuwepo zote, ndo maana ukipita na tochi unaona kila kitu kipo. Ila pembeni ya bolti moja kutu ilishakula bati, tundu limekuwa kubwa kuliko kichwa cha bolti, bati linaelea. Mzee anasema anaziona sana hizi kwenye magari yaliyotoka mikoa ya theluji Japani, kule wanamwaga chumvi barabarani barafu iyeyuke, chumvi inakula chini ya gari miaka na miaka kabla haijapanda meli. Ikifika Dar inakutana na unyevu wa bahari na madimbwi ya masika, kazi inaendelea. Sijui yangu ilitoka mkoa gani ila chini imekula kutu kweli, kwahiyo ukinunua gari, ingia chini uangalie kabla hujashangaa rangi.

Hapo kijana wake mmoja akasema ling'oe tu mzee, litupe, gari nyingi zinatembea bila hilo. Mzee akakataa na mimi nikakataa kabla hajamaliza. Lile bati lina kazi. Juu yake kuna sakafu unayokanyaga, kapeti, raba na nyaya, na joto la ekzosi likipanda moja kwa moja vinapikwa kidogo kidogo. Kuna mabati mengine yanakaa chini ya masega, hayo yanazuia majani makavu yasiguse chuma cha moto, na ukiegesha kwenye nyasi wakati wa kiangazi bila hilo bati gari inaweza kuwaka moto. Watu wanaong'oa mabati na kukata masega ili gari "ipumue" wananisikitisha, maana moshi wote mchafu unabaki kwa watoto wanaotembea kando ya barabara kwenda shule.

Dawa yenyewe ilikuwa ndogo. Mzee akafungua bolti, akasugua kutu kwa brashi ya waya, akaweka wosha pana inayofunika lile tundu lote kisha bolti ikarudi. Upande mwingine, bati linapokunjika kulikumbatia bomba, akazungusha klampu ndefu ya hosi ya chuma kisichoshika kutu, akaikaza mpaka bati halichezi. Sio waya wa kufungia, waya kwenye joto lile unakatika. Na sio klampu ya plastiki, itayeyuka kabla hujafika nyumbani. Vifaa vyote hata elfu kumi havikufika, na mzee alitaka hela ya soda nikamwongezea.

Tukawasha gari palepale shimoni, kijana akapandisha resi taratibu. Elfu na mia tano, elfu mbili, elfu mbili na mia tano, kimya kizuri. Nikarudi Goba kwa njia ya vumbi nimezima redio.

Bado kuna kitu kinagonga nyuma kulia kwenye mashimo makubwa, mzee anashuku bushi ya shokapu, na kwa huyu naamini kwasababu ameitikisa mbele yangu nikaiona inavyocheza. Klampu nayo ameniambia niikague baada ya wiki chache na kuikaza tena kama imelegea, kwahiyo nitarudi shimoni mwisho wa mwezi tufanye vyote kwa pamoja, na nimeshanunua klampu nyingine ya akiba iko kwenye dashibodi.